Mlango Mfupi wa Miganda Mitatu

Mchana nilijenga kilabu kipya, usiku nilinywea kikuukuu.
Kati yake hatua thelathini na mbili za tope,
maana kampuni ya bia, kule mjini Derby,
haikutaka kiu ya Brindlow ipotee hata siku moja:
ukuta mpya upande nyuma ya ule wa zamani,
mmoja ukikua, mwingine ukiuza.

Mimi ni mwashi. Sichagui.
Nilipewa ramani, mshahara wa Ijumaa,
na msimamizi mwenye kofia ya mviringo
aliyetamka "maboresho" kama mtu anayelamba stempu.
Choo ndani. Chumba cha kina mama. Umeme.
Uwanja wa magari hamsini, katika kijiji chenye gari moja,
nalo la daktari, naye hanywi.

Nyumba njema si mlango, ndivyo wasemavyo,
lakini Miganda Mitatu mlango wake ndio uliokuwa nyumba.
Futi tano na inchi tatu.
Kila aliyeingia aliinama: mchunga kondoo, kasisi,
hata yule bwana wa shamba kubwa aliyekuja mara moja tu,
mwaka aliozikwa mfalme,
akagonga paji, akatukana, akacheka, akatununulia wote.
Boriti ina alama yake. Ina zangu pia, mbili.

Ndani, moshi wa makaa, makoti mabichi yakifuka mvuke,
mbwa wa Enoch Birtwistle chini ya benchi,
na Bi Keziah Ollerenshaw akipanda ngazi kutoka stoo,
jagi kila mkono, kwa kuwa kaunta haikuwepo.
Daftari pia halikuwepo. Deni alilichora kwa chaki nyuma ya mlango,
mistari minne na wa tano kuikata,
na sote tulijua upi wa nani,
hata ile saba ya Lubin Fearn,
aliyeondoka na jeshi mwaka wa kumi na sita.
Kila majira ya kuchipua Keziah aliosha mlango ule,
akiizunguka ile saba kwa ncha ya kitambaa.

Jumamosi, saa nane na nusu mchana, akafunga.
Saa kumi na mbili jioni, akafungua upande wa pili.
Wazee walivuka tope na vikombe vyao mkononi,
polepole, wasimwage.
Enoch alikuja na benchi mgongoni; msimamizi akamrudisha nalo.

Jumatatu nikabomoa. Mikono ileile.
Ndani ya bomba la moshi nilikuta kiatu cha mtoto,
kimoja, kikavu kama ngozi ya samaki,
kilichofichwa huko na watu wa kale kuzuia mabaya,
au basi kilipotea tu, nani ajuaye.
"Takataka," alisema msimamizi.
Mlango niliulaza nyasini, uso juu,
nikikusudia kuurudia kesho na toroli.

Usiku mvua ikanyesha.
Ikalipa madeni yote ya Brindlow.
Asubuhi Keziah alisimama pale na aproni yake mpya ya kampuni,
akautazama ubao mweupe, msafi, bila neno.
Nilimwonyesha kiatu.
Alielekeza kidole kizingiti kipya, saruji ingali mbichi,
kisha akageuka kuangalia barabara
mpaka nilipomaliza kulainisha.

Mlango mpya una futi saba. Farasi angepita.
Ijumaa jioni msimamizi alisimama kando ya kaunta,
ndefu kama ya benki, akitaka kuona watu wakifurahi.
Wakaingia mmoja mmoja, kofia mkononi:
Enoch, mwanawe, mhunzi, mimi.
Na kila mmoja, mguu ukigusa kizingiti, akainama.

Msimamizi akatazama sakafu,
akauliza kama kuna aliyeangusha sarafu.